Mashine ya Kukereza kwa Fimbo ya Muzee

Leo nimepata haya, wamama wenzangu. Haya ya kweli, ile inashuka mpaka kwa vidole vya miguu. Naandika mimi mwenyewe na kidole kimoja, kwa hiyo musinisahihishe maneno. Musome tu.

Munajua muzee wangu, Papa Furaha. Anaenda Walikale kwa biashara ya mavuta ya mawese. Kila akienda anabeba jerikani yake ya manjano, tupu. Akirudi imejaa. Anauza, anakaa kidogo, halafu naona jerikani imeoshwa na imesimama kwa mulango. Siulize tena. Jerikani ikisimama kwa mulango, najua anarudia njia.

Safari hii alikawia sana. Mimi sipendi kulialia, munanijua. Lakini nyumba bila mutu wa kugombanisha ni nyumba gani?

Kitu aliniachia ni fimbo yake ya biyari. Muzee hanywe pombe, havute tumbaku, ugonjwa yake ni ile biyari ya Kitshanga, muchezo wa kugonga mipira kwa meza. Iko na fimbo yake mwenyewe, inafunguka katikati, sehemu mbili. Alinipatia kwa mikono miwili, akasema: "Mama Furaha, uichunge."

Nikaichunga. Kwetu sisi wachungaji wa ng'ombe, fimbo ya mutu mwenye kusafiri haiachwe ikauke. Ikikauka, na mwenyewe anakauka njiani. Mama yangu alifanya hivyo kwa fimbo ya baba. Basi kila nikimaliza kusukasuka maziwa, mavuta ya ng'ombe yenye kubakia kwa mikono napaka fimbo. Siku nimemukumbuka kidogo, napaka kidogo. Siku nimemukumbuka sana... (tuache.)

Halafu akanipigia simu: anafika siku ya posho, yaani Jumamosi. Nikaenda kuangalia fimbo. Kale kangozi ka kwa ncha, kenye kugonga mupira, kameanguka! Nikajaribu kukarudisha na gundi na wembe. Kakakaa upande, kama kofia ya mulevi.

Hapo njo nikapata akili. (Nilizania ni akili.) Nilisikia kwa soko kama kuna mashine ndogo ya kukereza, fimbo inazunguka, wewe unashika kisu kidogo, kangozi kanatoka muviringo muzuri. Nikasema moyoni: nikimununulia muzee mashine kama ile, atakuwa na kitu ya kufurahisha mikono nyumbani. Atatunza fimbo yake, atatunza ya wenzake. Mutu mwenye kuwa na mashine yake kwa nyumba, atarudia Walikale kufanya nini?

Njo ile nilikuwa natafuta. Mashine ilikuwa kamba tu ya kumufunga.

Basi leo siku ya ine, Alhamisi, asubuhi, nikavaa kitenge ya kanisa, nikafunga feza ya maziwa kwa pindo, nikapangusa fimbo vizuri mpaka ikangaa. Nikaenda Kitshanga kwa fundi Deo, mwenye kuuza na kutengeneza mashine. Duka yake inaangalia barabara, mulango wazi, watu wanapita na pikipiki, na ng'ombe, na mizigo. (Mukumbuke ule mulango.)

Nikaingia, nikaona mashine kubwa, ndefu, chuma nzito. Nikasema: "Hii."

Deo akasema: "Mama, ile ni ya miguu ya viti. Kichwa yake haiko na tundu. Fimbo ya biyari ni ndefu, inapashwa kupita ndani ya kichwa, itokee nyuma, ncha tu ibaki mbele. Kwa mutu mwenye kuanza, chukua hii ya katikati. Tundu iko pana, mwendo unaweza kuanza polepole, na inakula umeme kidogo, hata pano ya kuvuta umeme wa jua inaitosha."

Nikaizunguka. Nikaipiga kofi kwa mbavu. Nikainama kuangalia kinywa.

"Hii iko na meno matatu tu!"

"Ni meno ya kushika fimbo, Mama."

"Ng'ombe wa meno matatu siwezi kumununua."

Watu wawili wakasimama kwa mulango kusikiliza. Munajua watu wa Kitshanga, wanakuwa na haraka mpaka wasikie mutu anabishana.

Deo akakuwa mupole. Akasema: "Tujaribu na fimbo yenyewe. Iko kavu?"

Nikamujibu mbele ya wote: "Kavu kama mufupa!"

Akafungua fimbo, akachukua nusu ya mbele, ile nyembamba. Akasema meno yasiume mbao, akaizungushia skochi, kale kautepe ka gundi. Skochi ikaanguka. Akazungusha tena. Ikaanguka.

"Skochi inakataa kushika," akasema, akiangalia vidole vyake.

"Kwa sababu unauza skochi mubaya," nikamwambia.

(Mungu alikuwa ananipatia nafasi ya kunyamaza. Sikuichukua.)

Akapitisha fimbo kwa tundu, akakaza meno, akawasha. Ikaanza kuzunguka polepole, kwa utulivu. Muzuri, wamama! Na ule mulio wake, mmmm, kama mutu anaimba na kinywa imefungwa. Muzee anaimba vile akiwa na furaha. Moyo wangu ukaenda. Nikamuona amekaa kwa kiti yake, miwani kwa pua, anakereza, mimi naleta chai, na tunagombana juu ya vumbi ya mbao kwa nyumba yangu.

Ningesimamia hapo, leo nisingekuwa na kitu ya kuandika.

Lakini watu kwa mulango walikuwa wameongezeka, na mimi napenda kuonekana mujuzi. Nikasema: "Ongeza mwendo. Uzuri wa ng'ombe haujulikane akisimama."

"Mama, mwenye kuanza anaanza polepole."

"Mimi sianze! Nilikuwa nakamua wakati baba yako hajaoa! Ongeza!"

Akaongeza.

Kwanza ikakuja harufu. Harufu ya kwangu, ya jikoni, ya maziwa yenye kusukwa. Nikafikiri nimebeba kwa kitenge. Halafu fundi Deo akapangusa jicho. Halafu mama mumoja kwa mulango akapangusa shavu, akanusa kidole, akasema: "Ni nini hii? Mbona inanukia maziwa?"

Mavuta! Mbao ilikuwa imekunywa mavuta ya ng'ombe wakati wote muzee hayuko, na sasa, kwa mbio na joto, ikaanza kuyatapika. Kwa ukuta. Kwa miwani ya Deo. Kwa shati nyeupe ya mwalimu mumoja mwenye kupita tu, hana kosa. Kamvua kadogo ka mavuta, wamama, ndani ya duka!

"Zima!" nikalia.

Deo akatafuta kifungo, vidole vinateleza. Na meno matatu, ile nilizarau, yakashindwa kushika. Fimbo ikachomoka kama samaki kwa mukono. Ikapita katikati ya watu, ikatoka kwa mulango, ikavuka barabara, ikaingia puuu! ndani ya muzigo wa unga wa muhogo wa mama mumoja mwenye kuuza ng'ambo. Hakuna mutu aliumia. Unga tu ilipanda juu kama ukungu wa kule milimani Ngungu.

Soko ikageuka kuniangalia. Soko nzima! Mimi nimesimama mulangoni, mavuta kwa kipaji cha uso, kitenge ya kanisa imeharibika.

Nikaona mwanaume mumoja ng'ambo ameinama kwa ule unga, mufuko kwa bega. Akavuta fimbo. Ilitoka nyeupe yote. Akaiangalia. Akainusa. Akasema kwa sauti kubwa:

"Ni nani alipaka fimbo ya biyari mavuta ya ng'ombe?"

Wamama. Ile sauti.

Kando ya muguu wake, jerikani ya manjano.

Muzee alipata pikipiki ya mapema, akashuka kwa soko aninunulie sukari. Sikuwa nimetengeneza nywele. Sikuwa nimepika. Yote nilipanga kwa siku ya posho! Nilitaka kukimbia kwa nyuma ya duka, lakini duka haiko na nyuma.

Akavuka barabara, fimbo kwa mukono mumoja, jerikani kwa mwingine. Akaniona.

"Mama Furaha. Mimi naenda Walikale kutafuta mavuta, kumbe mavuta inaruka hapa Kitshanga!"

Watu wakacheka mpaka mwingine akakaa chini. Hata mwenye unga alicheka. (Tulimulipa, musiogope.) Hata mwalimu na shati yake.

Mimi sikucheka. Nilisema tu: "Uliniambia niichunge."

Akageuza fimbo, akapangusa unga na kidole gumba, polepole.

"Ulikuwa unapaka kila siku?"

"Kila nikisuka maziwa."

Akaangalia chini. Akasema kidogo, mimi tu nikasikia: "Njo maana sikukauka."

Nikamwambia asiseme upumbavu mbele ya watu.

Halafu akaona mashine. Akavaa miwani. Akaingiza kidole kwa tundu, akauliza Deo kama mwendo unaweza kupunguka zaidi, akauliza wanashikilia namna gani ule mwisho wenye kutokea nyuma usichezecheze. Mufuko ulikuwa kwa bega. Nilikuwa naangalia ule mufuko. Akauliza tena, Deo akajibu, na muzee akashusha mufuko, akauweka chini, bila kuona kama ameuweka.

Nikafungua pindo, nikatoa feza. Haikufika. Muzee akasukuma jerikani mbele ya Deo, mawese yote, kumalizia.

Deo akasema: "Merci, Papa. Nitaimimina kwa bidoni yangu, nikurudishie jerikani yako."

Muzee iko anageuza mashine, hata hakuinua macho.

"Kaa nayo."

Sasa niko nyumbani. Muzee ametandika magazeti kwa meza yangu, anasoma mashine kama Biblia. Vumbi itakuja, nitagomba. Fimbo ameiegemeza kwa pembe, na mimi sitaipaka tena: ikauke, mwenyewe amefika. Na yule mwenye nitamusikia anacheka siku ya Yenga kwa kanisa, ajue niko na fimbo, na inateleza vibaya.