Tanuri Lililoganda

Dada Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, na kwa kuwa siku hizi kuingia ofisini kwako ni kwa miadi hata kwa sisi tulionyonya ziwa moja, nalazimika kukuandikia. Namlalamikia rasmi mumeo, yaani shemeji yangu, fundi mitambo wa kiwanda chetu hiki cha mikate.

Ulimwomba abadilishe swichi ya tanuri kubwa iliyokufa. Kazi ilihitaji kichipu kidogo cha kupima joto, kuwasha na kuzima. Yeye akataka prosesa yenye uwezo wa kubeba mfumo endeshi mzima, kama kompyuta ya mhasibu. Akatandaza prosesa za kila aina mezani, akazilinganisha kasi na kumbukumbu, akakosa hamu ya kula. Dada, prosesa ile aliichagua kwa makini kuliko alivyokuchagua wewe, na mimi nilikuwepo mara zote mbili.

Matokeo ni haya:

1. Tanuri sasa huamka kama bwana mkubwa. Linatuonyesha picha ya mlima, linatukaribisha, kisha linatafakari. Unga wenye hamira hauna subira hiyo. Unaumuka, unamwagika sakafuni.

2. Linatafuta printa. Limeipata ya mwanasheria wa ghorofa ya juu, likamchapia joto la mikate katikati ya hati ya talaka ya mteja wake.

3. Juzi liling'ang'ania "dakika moja imebaki" mpaka mikate ikawa makaa. Nikamwita shemeji. Akalitazama, akasema kwa upole, "Limeganda."

"Tanuri?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Lizime, uliwashe tena."

Wapakiaji walicheka hadi wakakaa chini. Mimi, mwokaji mkuu mzima, nilikwenda kulia stoo, nyuma ya magunia.

4. Jana lilikataa kuoka skonzi hadi nikubali masharti. Nimekubali. Sijui nimekubali nini. Huenda tanuri sasa ndilo mrithi wangu.

Kwa hiyo naomba prosesa ing'olewe, kiwekwe kichipu kinachojua jambo moja tu, na prosesa apandikizwe shemeji mwenyewe, maana hawezi kufanya mambo mawili kwa pamoja. Ikishindikana, arudishwe kwa mama yake angali katika hali nzuri.

Wasalimie watoto, mama mkwe, na mlinzi wa getini ambaye hunizuia kwa adabu.

Mdogo wako mtiifu,
Mwokaji Mkuu

Tanbihi: Sikungoja jibu lako. Nilileta fundi mwingine, akatia kichipu kidogo kwenye tanuri la akiba. Kweli kinajua jambo moja tu: kupasha. Kuacha hakijui. Tanuri la shemeji ndilo lililonusa moshi kabla yetu sote. Likakata umeme, likapiga king'ora, likawaita zimamoto. Namalizia haya nikiwa barabarani na wapakiaji, wote wazima, masizi hadi masikioni. Tafadhali ichane barua hii. Shemeji anasema sasa anataka kuweka prosesa kwenye mabirika ya chai. Nimemwambia aanze na langu.