Daftari la Baba Yake Babu

Jumatatu, 3 Machi

Nimelipata! Daftari la baba yake babu, mwandiko wake mwenyewe, watoto wote wanane, kila mmoja na ukurasa wake. Majalada yote mawili yameng'oka na miaka ya kuzaliwa imeliwa na mende, lakini majina yapo. Shangazi alikataa kuniazima mpaka nilipomwambia nataka kujua asili yangu. Si uongo. Sikumwambia tu kwamba nataka kuijua kabla ya Jumamosi.

Jumamosi ni kikao cha ukoo. Kwetu kuongea kunafuata ukubwa: tawi la mtoto wa kwanza linaanza, la kitinda mimba linamalizia. Anayeanza hukalia kile kiti cha mikono. Binamu yangu, mfamasia, amekikalia miaka kumi na moja. Mimi hukaa kiti cha kukunja karibu na mlango wa jikoni, na zamu yangu ikifika watu wanatafuta viatu. Miaka yote hiyo sijamaliza sentensi hata moja. Inaniuma. Eti babu yangu alikuwa wa mwisho. Nani alikuwepo?

Jumanne, 4 Machi

Mwandiko gani huu! Wino umepauka, herufi zimelalia kushoto, kila mstari umepakazwa kana kwamba aliufuta kwa kiganja. Mzee hakuwa msafi. (Kiganja changu nacho kimejaa wino, lakini mimi natumia mkono wa kushoto, nina sababu.)

Saa tatu nzima na lenzi. Hatimaye jina la ukurasa wa kwanza likasomeka. Babu yangu! Wa kwanza! Nimeruka mpaka paka akatoka nje. Mke wangu ameniambia nisome na yaliyobaki. Nimemwambia yaliyobaki ni mapambo.

Jumatano, 5 Machi

Mapambo yananinyima raha. Chini ya jina la babu kuna mistari miwili haisomeki, na mbele ya watu lazima nisome bila kubabaika. Anayeweza kusoma mwandiko wowote mji huu ni mmoja tu: binamu. Miaka ishirini anasoma vyeti vya madaktari.

Nikapata akili. Nimenakili mistari ile kwenye kikaratasi, mikunjo yote kama ilivyo, nikamtuma mke wangu duka la dawa ajifanye ameleta cheti. Amesema nina wazimu. Ameenda hivyo hivyo.

Amerudi. Binamu kasoma papo hapo, bila hata miwani. Mstari wa kwanza: mama yake amechoka mno, sasa tumalize. Wa pili: ndugu zake saba wamekuja wote kumtazama. Kisha akasema dawa hiyo hana, na akauliza kama najua daftari linaanzia wapi. Linaanzia wapi! Ukurasa wa kwanza, jamani. Tayari wivu umemshika.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kawashikia bango wale ndugu saba. Anauliza mtoto wa kwanza anapataje ndugu saba. Nimemweleza kwa upole kwamba zamani watoto wa majirani wote walikuwa ndugu. Na ule uchovu? Uzazi wa kwanza unachosha, yeye mwenyewe anajua. Akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga pasi suti. Hotuba imefika kurasa sita. Nimefanya mazoezi ya kukaa.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika wa kwanza nikakalia kiti cha mikono. Mto wake laini kweli! Binamu alipoingia nikadhani atafoka. Wapi! Akavuta kiti cha kukunja, akakaa, akakunja mikono.

Nikasimama. Nikasoma jina la babu kwa sauti, nikainua daftari kila mtu aone: ukurasa wa kwanza! Nikajua nimewamaliza.

Ndipo shangazi akasema, pole pole tu, kwamba baba yake babu alitumia mkono wa kushoto, na kila daftari alianzia nyuma ili mkono ukae vizuri. Nikasema hakuna mtu mwenye akili timamu anayeandika hivyo. Akaniomba shajara hii. Ilikuwa inachungulia mfukoni, nilitaka kuandika humo pongezi. Akaifungua mwanzo: tupu. Akapekua: tupu, tupu. Akaigeuza, akaanza kusoma kwa sauti kutoka ukurasa wa mwisho. Jumatatu, tarehe tatu. Akaendelea mpaka kwenye mazoezi ya kukaa.

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Tangu shule naandika hivi. Sikujua kama ni urithi.

Nikarudi karibu na mlango wa jikoni. Zamu yangu ilipofika, watu wakaanza kutafuta viatu. Binamu akawaambia wakae. Wakakaa, wote, wananitazama. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasema asanteni.

Shangazi kaniachia daftari nilitunze. Anasema ni mimi tu niliyehangaika nalo. Nililia kidogo njiani. Mke wangu akajifanya haoni.

Jumatatu, 10 Machi

Kumbe upande wa mama nao wana daftari! Liko kwa mjomba. Baba yao alikuwa mwalimu, mwandiko umenyooka, mtu anasoma bila lenzi. Mjomba alitaka kunionyesha pa kuanzia. Nikamkatiza. Mimi si wa kufundishwa mara mbili: nimeanzia nyuma.

Jina la kwanza kabisa ni marehemu mama yangu! Mkubwa wa wote! Mjomba anang'ang'ania kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni. Uzee huu. Na sijui kwa nini ndugu zake walikuwa wakimwita Kadogo. Kikao chao ni Jumamosi. Suti bado imenyooka.