Kitengo cha Ndoto Kikienda Kahawa

Manispaa yetu ya kaskazini mwa Uswidi ina heshima kuutangazia ulimwengu kwamba vijana wakimbizi hawatahangaika tena. Kimeundwa Kitengo cha Kuratibu Ndoto za Waliowasili Karibuni. Mimi, niliyekimbia kutoka mji wa Herat na sasa najifunza kazi kitengoni humo, nathibitisha kwamba kinafanya kazi kikamilifu, isipokuwa wakati wa kahawa.

Utaratibu ni mwepesi. Kijana hapewi ushauri kabla ya kuchagua fani, wala haruhusiwi kuchagua fani kabla ya ushauri.

Rafiki yangu Yordanos, aliyekuwa akifufua jenereta za mtaa mzima kwao Keren, alitaka chuo cha ufundi wa injini za meli. Siku alipokuja kitengoni, udahili ulikuwa unafungwa jioni hiyohiyo. Bwana Torbjörn Åkesson, mkuu wa kitengo, alimtazama kwa huruma ya kiserikali.

"Uzoefu huo hautambuliki hapa, binti. Ukatunze wazee."

"Wazee wana injini?"

"Anza na kozi ya lugha."

"Kwani sasa hivi tunaongea kwa mikono?"

Ikagonga saa tisa. Maofisa wote wakainuka kwenda kunywa kahawa na mikate ya mdalasini, ibada ambayo hata moto hauikatizi. Sisi wanagenzi hatualikwi. Ila kanuni yao wenyewe inasema meza isiachwe tupu, na anayeikalia ndiye ofisa wa zamu.

Nikaikalia.

"Yordanos, njoo upewe ushauri."

"Unishauri wewe? Si jana tu ulijifungia chooni ukashindwa kutoka?"

"Ofisa hasutwi. Unataka fani gani?"

"Meli. Bonyeza hicho kitufe, acha mbwembwe."

Nikabonyeza. Nafasi yake chuoni ikathibitishwa kwenye kompyuta. Nikamwita aliyefuata kwenye foleni, na aliyemfuata, hadi ukumbi mzima wa vijana waliosubiri ukawa na vyuo, na mikate ya maofisa haijaisha.

Åkesson akarudi na sukari masharubuni.

"Toka kwenye kiti changu."

"Chukua namba, mzee."

Nchi hii husamehe mengi, kuruka foleni hapana. Ukumbi mzima ulimkodolea macho. Mkono wake, kwa mazoea ya maisha yote, ukaenda wenyewe kwenye mashine ya foleni na kuvuta namba. Akaketi. Akasubiri. Zamu yake ilipofika, nilimtazama kwa huruma ya kiserikali.

"Umewahi kufanya kazi gani?"

"Nimeongoza kitengo hiki tangu kianze."

"Uzoefu huo hautambuliki hapa," nikamwambia. "Ukatunze wazee. Kahawa unaijua tayari."