Nani Alimleta Mgeni Kanisani

Jumatano Amina Kubwa alikuja kwenye mashine ya kahawa ya soko letu la Gunsan, Korea, akipepea karatasi ya matangazo ya kanisa. Tunamwita hivyo kwa sababu akiitikia amina, hata vichanga ghorofa ya chini huamka. Akatusomea: mashindano ya kuleta waumini wapya yanafungwa Jumapili hii, na mshindi atapewa sufuria ya umeme ya kupikia wali.

Bi Kabichi, muuza kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, akauliza sisi tumeleta wangapi. Tukatazamana. Mwaka mzima, sifuri.

Ndipo yule tunayemwita Mgeni akakohoa. Jina lake ni Gu Pan-sik, fundi viatu. Miaka kumi na moja amekaa viti vya wageni, safu ya nyuma, na supu ya mchana baada ya ibada anakunywa na sisi, ila kujiandikisha alikataa katakata. Alijua ukishaandikwa tu, wiki ijayo umevishwa aproni uoshe mabakuli mia tatu. Sasa binti yake anaolewa, na ukumbi wa kanisa hupewa walioandikwa tu. Akatoa fomu. Alikuwa amejaza yote isipokuwa mstari mmoja: aliyekuleta kanisani ni nani?

"Niandike mimi," akasema Amina Kubwa. "Nani alikupa kitabu cha nyimbo siku ile?"

"Wewe si bawabu wa mlangoni? Vitabu unampa kila mtu," akadakia Bi Kabichi. "Kaka Pan-sik, kimchi ya nani unakula?"

"Yako, dada, na hujawahi kunipunguzia bei."

Glavu Nyeupe, anayeongoza magari uwanjani mwa kanisa, akadai ndiye aliyempungia mkono aingie.

"Ulikuwa unanifukuza, Shemasi. Baiskeli yangu ilikuwa imeziba geti."

Pakachimbika. Amina Kubwa akaahidi kumfulia suti ya harusi. Bi Kabichi akaapa kwamba jina lake lisipoandikwa, harusini haji, na kimchi yake haiji pia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishamnunulia kahawa ya pili.

Mgeni alikosa raha kabisa. Akichagua mmoja, wengine watamnunia mpaka siku ya harusi ya binti yake. Akaweka kikombe chini.

"Nawauliza kwa wema tu. Miaka yote hii tunakunywa kahawa hapa. Nani kati yenu aliwahi kuniambia, Pan-sik, twende kanisani?"

Glavu Nyeupe akavua glavu moja, akaivaa tena. Mimi nikajifanya nasoma kikombe. Niliona aibu kweli.

"Mke wangu alikuwa amefariki," akasema. "Jumapili nyumba ilikuwa kimya. Nikawasikia mnaimba, tena vibaya, nikajua hawa hawawezi kunikataa."

Akachukua kalamu, na kwenye mstari ule akaandika jina lake mwenyewe.

Jumapili akavishwa ua la muumini mpya kifuani, tukamnyooshea mikono na kumwimbia wimbo wa baraka. Kisha mchungaji akasoma matokeo. Kati ya watu mia tatu, aliyeleta mtu ni mmoja tu: Gu Pan-sik, muumini wa dakika nne. Akakabidhiwa sufuria, na kama ilivyo desturi ya mshindi, akapewa kipaza sauti atueleze alivyofaulu kumvuta mtu huyo.

"Ilinichukua miaka kumi na moja," akasema. "Ni mbishi sana."