Elfu Arobaini na Nane za Ng'ambo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tumeukata! Naandika mbio mbio, kwa hiyo nikija kusoma haya uzeeni nisishangae mwandiko. Asubuhi, kabla hata sijafungua faili la pampu namba mbili, imeingia barua pepe kutoka ng'ambo. Kampuni ya kujenga mabwawa. Wanataka kunisaili kwa video Ijumaa saa tatu. Na mshahara wameutaja hapo hapo, bila haya: elfu arobaini na nane, kwa fedha yao. Nikazidisha kwa bei ya kubadilishia. Kikokotoo kikajaa tarakimu mpaka kioo kikaisha.

Mshahara wangu wa mwezi hapa idara ya maji, ukiuweka karibu na huo, unatia huruma.

Alasiri, mkurugenzi wetu akaniita. Mama mmoja mkali, hacheki mpaka mwisho wa mwaka. Akasema mhandisi mkuu wa mitambo anastaafu na cheo anataka kunipa mimi. Kinakuja na nyumba ya idara, vyumba vitatu. Jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Wiki iliyopita ningepiga magoti. Leo nikamwambia nitatafakari. Nilivyolitamka hilo neno! Taratibu, kama mtu mwenye mambo mengi.

Mke wangu nilipomweleza yote mawili, alisikia nyumba tu. Tuna vyumba viwili, watoto wawili, na wa tatu ana miezi saba tumboni. Dari linavuja. Mhandisi wa maji mzima nalala na ndoo miguuni! Akasema nichukue cheo kesho asubuhi, hayo ya ng'ambo baadaye. Wanawake hawana subira na mambo makubwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefanya kazi ya kitaalamu. Jedwali. Upande huu mshahara wa ng'ambo, upande ule gharama zote za maisha: kodi, umeme, unga, mafuta, nyanya, ada za shule. Nikatoa. Kinachobaki kila mwezi kinatosha kununua nyumba hii, mwenye nyumba akiwa ndani.

Mke wangu akalitazama muda mrefu. Akauliza mbona bei za nyanya ni za hapa sokoni, wakati mimi nitakuwa huko. Nikamwambia nyanya ni nyanya. Akauliza kodi ya huko ni kiasi gani. Nikamwambia mtu wa mshahara ule hapangi, anajenga. Akaenda kumwaga ndoo. Nadhani nilimshinda kwa hoja.

Nilimwomba asimwambie mtu. Halafu nikamwambia kaka yake, fundi simu, kwa sababu siri ikikaa peke yangu ingenipasua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siri imefika mtaa mzima. Shemeji huyu! Mwenye duka leo kanipandishia bei ya sabuni akitabasamu. Mwenye nyumba kapita jioni kunipongeza, na kodi kuanzia mwezi ujao imepanda. Nikamwambia sawa tu. Nikamwambia angepandisha zaidi! Mke wangu alinifinya mgongoni, lakini maneno yalishatoka.

Sasa mpango wenyewe. Kazini kuna Rula. Meza yake inatazamana na yangu miaka tisa. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila rula mfukoni, na siku moja nilimkuta anapima kina cha chai yangu na yake ili ajue nani kamiminiwa zaidi. Nimetafuta njia ya kumkomoa miaka yote hiyo. Leo imenijia bafuni, nikatoka na povu kichwani kuiandika.

Nimpe cheo! Mimi niruke, yeye azikwe humo na mapampu yanayokohoa mpaka astaafu. Nimeandika barua ya kumpendekeza. Nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa kurasa mbili: mwadilifu, makini, hana mfano. Mkurugenzi akaisoma, akavua miwani. Akauliza kama nina hakika. Akauliza kama mke wangu anajua. Nikasema nyumbani tumekubaliana.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimenunua koti la baridi, mtumba, zito, linafika magotini. Nimelivaa kazini kutwa nzima kujizoeza. Jasho! Karani wa mapokezi akauliza kama nina homa. Rula akaomba apime urefu wa mkono wa koti. Nikamruhusu. Masikini, hajui kaburi lake limeshachimbwa.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anafunga vikombe kwenye magazeti. Amepita nje ya ile nyumba ya idara, akachungulia dirishani. Anasema jikoni kuna bomba, ukifungua maji yanatoka humo humo ndani! Watoto wameshagawana kona za chumba chao. Nikataka kusema kitu. Nikasema vikombe amevifunga vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mungu wangu.

Saa tatu kamili, shati na tai juu, kaptura chini. Mama wa ng'ambo kwenye kioo, mpole, tabasamu mpaka masikioni. Maswali ya mabwawa nikayajibu yote. Mwisho akauliza kama nina swali. Nikauliza kwa heshima kama ile elfu arobaini na nane ya kwanza wataileta mwanzo wa mwezi au mwisho.

Tabasamu likaganda. Nikadhani mtandao umekatika.

Akanieleza pole pole. Kwao mshahara hutajwa wa mwaka. Wa mwaka! Nani duniani anataja mshahara wa mwaka? Mtu anakula kwa mwaka? Nikagawanya kwa kumi na mbili hapo hapo mbele yake. Akaongeza kwamba kuna kodi ya serikali. Nikatoa. Akanitajia kodi ya chumba kimoja, pale mjini. Nikatoa. Akanitajia nauli, na bima. Nikiwa na kikokotoo mkononi nikamuuliza nyanya kilo moja. Akatazama pembeni akaniambia. Kilichobaki hakifiki nusu ya ninachobakiza hapa, na hapo watoto hawajala.

Nilikimbia. Tai shingoni, kaptura, barabara nzima. Nimefika kwa mkurugenzi saa tano u nusu, mlango wazi, watumishi wote ndani, Rula anaweka sahihi! Mkurugenzi alikuwa anaisoma barua yangu kwa sauti, amefika pale pa "hana mfano". Rula akanikumbatia akilia. Akasema hakujua kama nampenda hivi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimemwambia mke wangu. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Alifungua magazeti, akatoa vikombe kimoja kimoja, akavirudisha kabatini. Kisha akasema watoto alishawaambia, kwa hiyo sasa niwaambie mimi.

Nikawaambia. Mdogo akauliza kona yake kapewa nani. Nimeona aibu, naiandika kama ilivyo. Nilitoka nje nikasimama karibu na jaa mpaka giza likaingia.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Rula amehamia. Mimi nilibeba upande mmoja wa kitanda chake, yeye akipima mlango. Ndiye bosi wangu sasa. Kila asubuhi anataka taarifa ya pampu kwa maandishi, nakala tatu. Mke wangu ananisemesha tena, ila ya lazima tu: chumvi imekwisha, ndoo imejaa.

Lakini leo! Shemeji kaja mbio, anahema. Nchi nyingine kabisa, kiwanda kikubwa, wanatafuta wahandisi wa pampu. Mshahara thelathini. Nikamkatisha hapo hapo. Mimi si yule wa wiki mbili zilizopita, nimekomaa. Thelathini ya mwaka? Hapana. Ya mwezi? Hapana. Nikataka tangazo lenyewe. Nikalisoma mara nne. Nikapiga simu mpaka huko kwao, kwa pesa yangu, kuhakikisha. Ni kwa saa. Thelathini kwa kila saa!

Nimepiga hesabu mara mbili, kwa utulivu. Thelathini mara ishirini na nne, mara siku thelathini za mwezi. Mke wangu kachungulia jedwali, akauliza nitalala saa ngapi. Nikamjibu kwa upole kwamba wameandika kwa saa, hawakuandika saa za kuwa macho.

Barua ya kujiuzulu iko tayari, nakala tatu. Kesho asubuhi namkabidhi Rula.