Santuri Isiyo na Mwimbaji

Jumatatu, 10 Machi 2008

Redio imeondoka. Afadhali! Tangu vurugu za uchaguzi za Januari, kila wimbo hapa hotelini kwangu ulikuwa kesi. Ukipigwa wa lugha hii, wale wanainuka. Ukipigwa wa lugha ile, hawa wanasukuma sahani. Siku hizi hapa Salgaa madereva wa malori wanauliza kwanza hoteli ni ya nani, ndipo wanauliza kuna chakula gani. Upande wa pili wa barabara Chepkemboi, mwenye hoteli mwenzangu, ana televisheni, na meza zake zimejaa. Mimi nina maharagwe matamu na viti vitupu.

Basi nimeenda Nakuru mjini kwa Sandeep, muuza spea za magari. Tumebadilishana: redio yangu, mashine yake ya santuri. Santuri yenyewe ni moja tu, aliyoiacha mpwa wake alipohamia Kanada. Jalada lina ukungu na nguzo ya stima iliyoinama. Sandeep ameapa kwamba hakuna anayeimba humo, mwanzo hadi mwisho. Hakuna lugha! Nikajiambia: Elphas, wewe ni kichwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeandika ubao: HAPA MUZIKI HAUNA KABILA. Nikaiweka santuri. Gitaa moja, polepole, kama upepo unaotafuta tundu kwenye mabati. Halafu la pili. Ngoma hazikuwa na haraka. Wangare, mpishi wangu, alitoka jikoni na mwiko akauliza kama imeharibika ama ndio inaanza.

Kipketer, anayebeba mahindi ya Rongai, akataka kujua mwimbaji anaingia lini. Ningeweza kusema ukweli. Nikasema anakuja, boss, subiri. Akasubiri! Akaagiza chai nyingine, na chapati. Ndung'u wa lori la mchanga, wa kabila lile jingine, naye akasubiri, meza ya mbali kabisa na Kipketer. Upande wa kwanza wa santuri ukaisha. Nikawaambia mwimbaji yuko upande wa pili, na upande wa pili ni Jumamosi.

Alhamisi, 13 Machi

Tatizo dogo. Kipketer amenivuta kando kuuliza mwimbaji ni mtu wa wapi. Nikamnong'oneza kwamba ni wa kwao. Alifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Baadaye Ndung'u akauliza. Naye nikamwambia ni wa kwao. Wangare amesikia yote mawili. Ameniambia, "Elphas, unawasha moto mwingine, na ule wa kwanza bado haujapoa."

Nikatoka. Nilikuwa na shughuli ya kuazima viti kanisani.

Jumamosi, 15 Machi

Viti havikutosha! Huku watu wa Kipketer, kule watu wa Ndung'u, katikati njia pana ya kupitisha lori. Hakuna aliyesalimia upande wa pili. Nikageuza santuri.

Gitaa lilianza kinyonge. Likapanda. Mengine yakarundikana juu yake. Watu wakasogea mbele, kila mmoja akimngoja mwimbaji wake. Kisha ikalipuka! Ngoma, mngurumo, kitu kama mabati ya mtaa mzima yanang'olewa kwa pamoja. Nami nilikuwa nimefungulia sauti yote.

Kila mtu chini. Hata mimi, nyuma ya kaunta. Hakuna aliyecheka. Nikaona mkono wa Kipketer umemshika Ndung'u shati, unamvuta chini ya meza, na koti lake amemfunika nalo kichwa.

Mlango ukafunguka. Chepkemboi! Miguu mitupu, amevuka barabara mbio, funguo mkononi. Alidhani vita vimeanza tena. Akaita: "Elphas, lete watu wako, stoo yangu iko wazi. Wote! Haraka!"

Na mimi nimekuwa nikiomba televisheni yake iungue.

Kelele zikashuka, likabaki lile gitaa moja, kisha nalo likanyamaza. Hakuna aliyeimba. Nikangoja kipigo. Lakini Ndung'u alikaa pale pale sakafuni akasema kwamba Januari alilala chini ya lori lake akisikia kelele kama hizo. Kipketer akasema yeye alikuwa mtaroni huko Lanet, amemkumbatia mzee asiyemjua. Wengine wakasema yao. Chepkemboi akapewa kiti na chai. Nikakiri kwamba hakuna mwimbaji. Kipketer akasema niiweke tena, ila nipunguze sauti.

Jumanne, 18 Machi

Wanakuja. Wanakaa popote. Wanasikiliza, wanaongea polepole. Ile njia ya katikati imejaa viti. Jioni Chepkemboi anazima televisheni anavuka kuja kwangu. Jana alilia kidogo gitaa lilipobaki peke yake. Nilimpa kitambaa cha meza, kilicho safi.

Wangare ameniomba niache mambo yalivyo. Anasema watu hawa wamechoka kuambiwa, na huu muziki hauwaambii kitu. Kila mtu anaweka ndani yake alichobeba.

Nimefikiria sana maneno yake. Mama huyu ana akili. Lakini kama wanajaa hivi bila mwimbaji, akiwepo je? Nimeanza mazoezi nyuma ya jikoni. Sauti yangu si mbaya hata kidogo! Jumamosi nitaimba juu ya lile gitaa. Kipketer ameuliza ni kwa lugha gani. Nimemwambia ni ya kwao. Sasa natoka kumtafuta Ndung'u, nimwambie ni ya kwao.