Boti ya Mama Léontine Yapata Anwani

Jumatatu, 8 Septemba
Mama Léontine, mwenye boti ya abiria inayokwenda Moba, anataka tovuti ili watu waagize nafasi kwa simu. Wilfried, mtengeneza tovuti mwenzangu, aliyesoma Lubumbashi na hachoki kutukumbusha, ameomba mwezi mzima. Mimi nimesema Alhamisi. Nikikosa kazi hii narudi kuuza vocha kwa shemeji, na shemeji ana mdomo!

Jumanne, 9 Septemba
Mashini, hii kompyuta yangu, imenitesa. Nimeweka programu ya seva, ikagoma. Nimeweka hifadhidata, ikaniomba neno la siri nililolitunga mwenyewe asubuhi. Nani analikumbuka? Nimefuta vyote, nimeanza upya. Umeme ukakatika. Nimetukana kwa Kifaransa, maana mama yangu alikuwa karibu.

Jumatano, 10 Septemba
Imefunguka! Nimeandika anwani yake, localhost:8000, na boti hiyo kwenye kioo, maridadi. Koneksio ya intaneti ya mtaa mzima ilikuwa imekufa, lakini tovuti yangu inafunguka palepale. Zile za Wilfried unazingoja mpaka uzeeke. Mama Léontine ameiona kwenye mashini yangu, akapiga vigelegele. Kazi ni yangu.

Nikapata wazo: mchoraji aandike anwani ubavuni mwa boti, herufi kubwa. Nafasi haikutosha. Tumefuta maandishi ya zamani.

Alhamisi, 11 Septemba
Boti imeondoka, anwani inang'aa. Bandari nzima imepiga picha. Wilfried ameisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Wivu ni ugonjwa.

Jumapili, 14 Septemba
Aibu yangu! Baada ya misa Mama Léontine ameniita mbele ya wanakwaya. Boti imerudi tupu. Watu wa Moba waliandika anwani ile, simu hazikuonyesha kitu. Wilfried, bila kuulizwa, akaeleza kwamba maana ya localhost ni "mashini hii hii unayoishika", na kwamba tovuti haijawahi kutoka chumbani mwangu.

Mama Léontine akasema polepole: "Pale njo paliandikwa Papa André. Umefuta jina la bwana yangu, marehemu, juu ya kuandika chumba chako?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kazi amepewa Wilfried. Nimelia kidogo nyuma ya kanisa.

Jumatatu, 15 Septemba
Papa Chérubin wa duka la dawa anataka tovuti! Nimemwonyesha kazi yangu kwenye mashini. Palepale, bila koneksio! Ameshika kichwa kwa mshangao. Wilfried hawezi hivyo hata siku moja.

Safari hii nimejifunza. Kwenye boti herufi zilikuwa ndogo mno. Duka la Papa Chérubin lina ukuta mrefu, na mchoraji anakuja kesho.